Mwembe usiozaa si mwembe dume

"Mimi ni askari mstaafu, mzaliwa wa Arua, na sasa nimejenga Mukono, hapa hapa Uganda, si mbali na Ziwa Viktoria. Mwaka tuliohamia nilipanda kokwa la embe tamu nililolila Soroti, na mwembe umekua kupita matarajio yangu. Huu ni mwaka wa nane, umelipita paa la nyumba, na majani yake ni mazito hata kuku hulala humo usiku. Ninautunza. Kila mwezi naumwagia mbolea ya kuku, na wakati wa kiangazi naupa majerikeni manne ya maji kila wiki. Haujanipa hata embe moja. Mwaka juzi tawi la upande wa barabara lilichanua peke yake, mengine yakatoa majani mekundu. Mwaka huu ulichanua zaidi, mwishoni mwa Februari, lakini mvua za Machi zilipoanza maua yakawa meusi na kuanguka yote. Jirani anasema ni mwembe dume. Mpwa wangu amekwisha kupigilia misumari minne kwenye shina, na sasa anataka kulichanja kwa panga na kumwaga chumvi chini, kwa kuwa kwao walifanya hivyo na mwembe ukazaa. Mke wangu anasema niukate, nipande migomba. Nifanye nini?"

Mzee wangu, nakusalimu wewe na mama wa nyumbani, na kwanza nawaomba mliweke shoka chini. Mwembe wako si mgumba wala si dume. Nikiisoma barua yako naona mti wenye afya ambao ulichelewa kidogo kwa sababu ya asili yake, ukacheleweshwa zaidi na wema wako mwenyewe, na siku ulipojaribu kuzaa ukakutwa na mvua. Yote hayo yana dawa, ingawa baadhi ya dawa hizo ni kusubiri tu, na iliyo muhimu kuliko zote ni kuacha jambo ambalo umekuwa ukilifanya kwa mapenzi.

Naanza na neno la jirani, kwa sababu ni neno lililokwisha kuangusha miembe mingi isiyo na kosa. Jirani hakulitoa hewani. Mpapai una mti dume na mti jike, na kila aliyepanda mbegu za papai anajua kwamba baadhi ya miche itachanua mwaka mzima bila kumpa tunda. Mivumo unayoikumbuka kutoka kwenu West Nile ni vivyo hivyo, na hata mvule, huu wa mbao, una miti yake ya kiume na miti yake ya kike. Mtu aliyekulia kati ya miti hiyo akiona mwembe unaochanua bila kuzaa, si ajabu akiuhukumu kwa sheria ile ile. Mwembe, hata hivyo, haufuati sheria hiyo.

Shada moja la mwembe hubeba mamia ya maua, na mara nyingi maelfu, kila ua likiwa dogo kama punje ya mahindi au chini ya hapo. Msimu ujao, likunjuapo shada la kwanza, lichume asubuhi ulitazame kwa miwani yako ya kusomea. Utaona maua ya aina mbili yamechanganyika. Kuna yale yenye kijiti cha chavua peke yake, nayo ni ya kiume, na kuna yale ambayo pamoja na kijiti hicho yana kidonge cha rangi ya kijani na manjano katikati, na kidonge hicho ndicho embe lenyewe likiwa bado halijazaliwa. Aina hizo mbili hukaa katika shada moja la mti mmoja. Kinachobadilika ni uwiano wake tu: kuna miembe na kuna misimu ambapo maua kamili hayafiki hata moja katika kumi, kuna mingine ambapo huzidi nusu, na usiku wa baridi wakati shada linajengeka huongeza yale ya kiume. Kwa hiyo mwembe unaweza kuwa na mwaka mbaya, unaweza hata kuwa wa aina isiyozaa sana, lakini hauwezi kuwa dume.

Tena hesabu ya mwembe si kama hesabu ya mahindi. Kutoka katika maelfu hayo ya maua, shada lililofanikiwa hukomaza embe moja au mawili, mara chache zaidi, na mashada mengi hubaki vijiti vitupu hata katika mti unaozaa vizuri. Ukiona chini ya mti pamejaa maua makavu na vijiembe vidogo kama njegere, usidhani ni maradhi. Mti unapunguza mzigo ambao usingeweza kuubeba. Kuna jambo moja tu la kuongeza hapo. Chavua ya mwembe hunata, haipeperushwi na upepo kwa namna ya kutegemewa, na kazi ya kuihamisha hufanywa na nzi wa kawaida, sisimizi, nyigu, na nyuki wadogo wasiouma. Wako watu ambao, wakiona nzi wamejaa kwenye maua, hukimbilia sumu ya wadudu. Wanakuwa wamewafukuza wakunga.

Sasa umri. Mche uliobebeshwa, yaani ule ambao kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa kimeungwa juu ya mche mchanga, huweza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu kikonyo kile ni mtu mzima aliyepewa miguu mipya. Mwembe uliotoka kwenye kokwa hauna njia hiyo ya mkato. Ni lazima upite utoto wake, na utoto huo kwa kawaida huchukua miaka mitano hadi minane, na pengine zaidi pale ambapo udongo una rutuba nyingi na mvua haikatiki. Wako ulitoa maua ya kwanza mwaka juzi, katika mwaka wake wa sita. Kwa mwembe wa kokwa, huko si kuchelewa sana. Ndio kwanza umebalehe.

Umesema kokwa lilitoka kwenye embe tamu la Soroti, na najua swali ambalo hukuliuliza: je, maembe yatakuwa matamu kama lile? Jibu liko kwenye kumbukumbu yako. Kokwa lilipochipua, ulitoka mche mmoja au ilitoka miwili mitatu pamoja? Maembe mengi ya kienyeji, haya yenye nyuzi, yana makokwa yanayotoa miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo ni nakala ya mama yake, haina baba. Lakini aina za kisasa zilizotoka Florida, kama Tommy Atkins, Kent, Keitt na Haden, hutoa mche mmoja tu, nao ni mtoto wa wazazi wawili, hivyo tunda lake huweza kuwa zuri, baya au la kati, na hakuna awezaye kulitabiri. Kama ulitoka mche mmoja, kubali kwamba unasubiri mgeni usiyemjua sura.

Hapa nafika kwenye kiini cha jambo, nawe univumilie nilieleze kwa kirefu, maana bila kulielewa utashauriwa kila mwaka na kila apitaye njia.

Ncha ya kila tawi la mwembe ina chipukizi moja, na chipukizi hilo linaweza kuwa majani au kuwa maua. Uamuzi haufanywi na mti mzima. Kila tawi hujiamulia, na ndiyo sababu uliona tawi la barabarani limechanua huku mengine yakitoa majani mekundu. Katika nchi zenye majira ya baridi, usiku wa baridi ndio unaotoa amri. Huku kwetu karibu na Ikweta baridi ya namna hiyo haipo, na amri hutoka kwenye umri wa majani ya mwisho. Tawi linapotoa majani mapya, ni lazima yakomae na kupumzika kwa miezi minne au mitano, bila kutoa mengine, ndipo hujikusanyia sukari na ishara ya kuchanua ya kutosha kuligeuza chipukizi linalofuata liwe shada. Likiamshwa kabla ya muda huo, hutoa majani tena, na saa huanza kuhesabiwa upya kutoka mwanzo.

Kinacholiamsha tawi mapema ni mvua, ni maji, ni kupogolewa, na kuliko vyote ni nitrojeni, kile kirutubisho cha mbolea kinachokuza majani. Fikiri sasa juu ya kwenu Arua. Mvua hukoma kuelekea mwisho wa mwaka, na kuanzia Desemba hadi Machi ardhi hukauka mpaka ikapasuka. Hakuna anayeimwagilia miembe ile ya njiani, hakuna anayeitia mbolea, na yote huchanua kwa pamoja kama iliyopigiwa filimbi ya gwaride. Teso, huko Soroti lilikotoka kokwa lako, ni karibu hivyo hivyo. Mukono, pembezoni mwa ziwa, mvua ina vilele viwili, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, na katikati yake kiangazi ni kifupi na hukatizwa na manyunyu. Mwembe wa Mukono hupata usingizi wa mang'amung'amu. Nawe, mzee wangu, kila ulipokaribia kusinzia uliuamsha kwa majerikeni manne na ndoo ya mbolea ya kuku, ambayo katika mbolea zote za mifugo ni miongoni mwa zenye nitrojeni nyingi zaidi. Mti unaolishwa hivyo hauna sababu ya kufikiria uzao. Ushahidi umeuandika mwenyewe: majani mazito hata kuku wakalala humo.

Kwa hiyo mbolea ya kuku iache. Kwa miaka yote hii udongo wako umeshiba, na mwaka huu usiuongezee chochote. Kuanzia mwakani debe mbili au tatu za samadi iliyooza sawasawa, mara moja kwa mwaka mwanzoni mwa mvua za Machi na Aprili, zitatosha, zikitandazwa chini ya ncha za matawi, si kurundikwa kwenye shina. Mbolea ya kuku itakayobaki mpe mama kwa ajili ya migomba yake, maana migomba huipenda, na kiwanja kikiruhusu anaweza kuipanda upande wa pili ambako kivuli cha mwembe hakifiki. Maji nayo, usimwagilie tena kuanzia mwanzo wa Desemba hadi vijiembe vifikie ukubwa wa gololi. Hapo ndipo majerikeni yako yatakuwa na faida, kwa sababu ukame mkali baada ya matunda kushika huyaangusha.

Tuje kwenye maua meusi. Kuna magonjwa mawili ya kuvu yanayoua maua ya mwembe, na watu huyachanganya ingawa hayafanani na hayatibiwi sawasawa. La kwanza ni chule. Hili huanza kama vidoa vidogo vyeusi kwenye vijiti vya shada na kwenye maua, vidoa vikaungana, shada likawa jeusi kana kwamba limepitiwa na moto. Chule huishi mwaka mzima kwenye vijiti vilivyokufa ndani ya mti, kwenye majani mazee na kwenye matunda yaliyokaukia juu, na vijimbegu vyake hurushwa na matone ya mvua kutoka juu kwenda chini. Bila unyevu wa saa kadhaa juu ya ua hakiwezi kuota kitu. La pili ni ubwiri unga, ambao hufanya shada lionekane kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha maua yakawa ya kahawia na kupukutika. Huu hauhitaji mvua. Husafiri kwa upepo na hupenda usiku wa ubaridi na umande, hata katikati ya kiangazi.

Kwa maelezo yako, yaani weusi uliofuata mvua za Machi, nauona mkono wa chule. Lakini sikuyaona maua hayo, na huenda ubwiri unga ulikwisha kuyadhoofisha kabla ya mvua bila wewe kugundua, kwa kuwa uko juu kuliko macho. Msimu ujao teremsha shada moja unapoona maua ya kwanza yamefunguka, ulichunguze kabla ya mvua. Ukikuta unga mweupe, utakuwa umeupata ukweli ambao barua haiwezi kunipa.

Je, upulizie dawa? Nitakuambia bila kuficha kwamba kwa mti mmoja wa nyumbani ulioipita nyumba kwa urefu, jibu langu la kwanza ni hapana. Dawa zipo na hufanya kazi: dawa za shaba hupulizwa kabla maua hayajafunguka kuzuia chule, na salfa hutumiwa dhidi ya ubwiri unga, asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu jua kali likiikuta salfa juu ya maua huyaunguza. Ila ni lazima dawa ifike kwenye shada, tena irudiwe baada ya wiki mbili hivi, na bomba la mgongoni la lita 20 halifiki mita kumi kwenda juu. Nimeona wanaume wazima wakipanda mwembe na bomba mgongoni, dawa ikiwadondokea usoni. Embe halina thamani hiyo. Na ikiwa kuku wanalala ndani ya mti na kisima kiko karibu, hesabu hayo pia.

Kinachofaa kwako zaidi ni panga, lakini si kwa namna aliyotaka mpwa wako. Mvua za mwezi wa nne zikishika, mtafute mtu anayejua kupogoa, aondoe vijiti vyote vilivyokufa, matawi yanayosuguana, na machache ya katikati, mpaka mtu aliyesimama chini ya mti auone mwanga wa mbingu. Asikate zaidi ya robo ya mti kwa mwaka mmoja, la sivyo utaupandisha wazimu wa majani. Hewa na jua vikiingia, umande hukauka mapema, na vijiti vilivyokuwa nyumba ya chule vinakuwa vimetoka. Vichomeni au vifukieni mbali. Kupogoa wakati huo kuna faida ya pili: majani yatakayochipua Mei na Juni yatakuwa yamepata zaidi ya miezi mitano ya kukomaa kabla ya kiangazi cha Desemba, ambacho ndicho kinachoita maua ya Januari. Maua ya Januari ni bora kuliko ya mwisho wa Februari, kwa sababu yanakuwa yamekwisha kushika tunda mvua zinapofika. Kutoka ua hadi embe bivu hupita miezi mitatu na nusu au minne, kwa hiyo maua hayo ukiyaona, uanze kutazama juu mwezi wa tano.

Nirudi kwa mpwa wako, ambaye simcheki. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani ya gome. Ukilichanja gome, unaiziba njia hiyo kwa muda, sukari hukusanyika juu ya jeraha, na tawi lililokuwa karibu kuchanua linaweza kusukumwa likachanua. Wazee walioona mwembe uliokatwakatwa ukizaa hawakuota ndoto. Lakini mara nyingi mwembe huo ulikuwa umefika umri wake, kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na panga likapewa sifa ya mambo mengine. Gharama yake haionekani siku ile: mizizi hunyimwa chakula, na jeraha huwa mlango wa kuvu wanaokausha matawi kuanzia ncha kurudi nyuma, na wa wadudu wanaotoboa mti. Msumari wenyewe hauna hata faida hiyo ndogo, kwa sababu tundu lake halizuii sukari, na chuma chake si chakula ambacho mwembe umekikosa.

Chumvi ya jikoni ni mbaya kuliko vyote. Huyanyonya maji kutoka kwenye mizizi na kuiharibu ardhi kwa miaka, na migomba ya mama haitaota hapo. Ninashuku, hata hivyo, kwamba uvumi wa chumvi una mzizi wa kweli uliopotea njiani. Huko Ufilipino wakulima walikuwa na desturi ya kuwasha moto wa moshi chini ya miembe kwa siku nyingi ili ichanue, na ndani ya moshi huo imo gesi ya ethileni ambayo mimea huitumia kama homoni. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa huko, Ramon Barba, akagundua kwamba kunyunyizia majani maji yenye nitrati ya potasi hufanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi, na njia yake ikaenea katika nchi nyingi za joto. Nitrati ya potasi ni chumvi, lakini ni ile ambayo Waswahili wa zamani waliiita shura, na wewe kama askari pengine umeisikia, kwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya baruti nyeusi ya zamani. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 katika lita 100 za maji, yaani gramu 200 kwa bomba la lita 20, na hupulizwa juu ya majani yaliyokomaa, ya kijani kizito, yanayotoa sauti ya kukatika ukiyafinyanga mkononi. Kwenye majani machanga haifanyi lolote. Ninakueleza ili ukimsikia muuzaji ujue anasema nini, si kwa kuwa nakushauri uinunue. Mti wako umekwisha kuonyesha kwamba unajua kuchanua wenyewe.

Basi mna njia gani? Mimi ningeupa misimu miwili ya kiangazi bila mbolea ya kuku na bila maji, ukiwa umepogolewa. Ukizaa na maembe yakawa mazuri, shauri limekwisha. Ukizaa maembe machungu au yenye nyuzi za kukwama menoni, au ukibaki vile vile, bado usiukate kwenye mizizi, kwa sababu mizizi ya miaka minane ni mali. Inawezekana kuubadilisha kichwa. Matawi makubwa hukatwa kwenye urefu wa mita moja na nusu hivi, tawi moja likaachwa liendelee kuilisha mizizi, na shina lililobaki wazi likapakwa chokaa lisiunguzwe na jua. Baada ya miezi miwili hadi minne machipukizi huwa na unene wa kalamu. Bora kati yake hubebeshwa vikonyo vya aina unayoitaka, na yaliyobaki hupunguzwa kidogo kidogo. Aina mpya huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Vikonyo vitoke kwenye mti mnaoujua, mliokula matunda yake, uwe ni wa Kagogwa, wa Bire, wa Dodo au wa hizo za kigeni. Kwa mahali penye unyevu kama penu ningechagua aina ambayo majirani wa ziwani wameiona ikizaa, kuliko ile inayosifiwa sokoni. Kuukata kabisa na kupanda mche uliobebeshwa ni njia halali pia, lakini mtasubiri miaka mitatu au minne kwa kazi ambayo kichwa kipya kinaweza kuifanya kwa miwili au mitatu.

Kubadilisha kichwa si kazi ya kujifunzia kwenye mti wako wa pekee. Nenda kwa afisa kilimo wa gombolola akuelekeze kwa mbebeshaji anayeaminika, au, kwa kuwa uko Mukono, fika kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha hapo hapo kilicho chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Chukua shada lenye ugonjwa na majani kadhaa, uyafunge kwenye gazeti, si kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, maana ndani ya kaveera huoza kabla hujafika na hakuna atakayeweza kusoma chochote. Nenda upesi, bila kusubiri msimu, ukiona gundi nyeusi au ya kahawia ikitiririka kwenye shina, matawi yakikauka kuanzia ncha, au unga wa mbao ukitoka kwenye matundu. Na kama matawi yamegusa nyaya za umeme, asipande mtu yeyote kupogoa kabla ya watu wa umeme kuja.

Atakayepogoa avae mikono mirefu na ajihadhari na utomvu. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake huwababua watu wengine vibaya, hasa usoni na machoni. Sabuni na maji mengi viwe karibu.

Ile misumari minne, kama bado inacheza, ing'oe taratibu na uache matundu yajifunge yenyewe, bila kuyapaka tope wala oili chafu. Kama gome limekwisha kuimeza, iache humo, lakini weka alama ya rangi mahali ilipo na mwambie mpwa wako asiisahau, kwa sababu siku yoyote mtu atakapoleta msumeno wa moto kwenye shina hilo, mnyororo ukigonga msumari unaweza kumrukia usoni.